Leotadi ilitoka wapi, na kwa nini taiti iwe ya pinki

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili manake ndo kazi yangu hii, nashona nguo za dansi mwaka wa kumi na sita sasa, na hilo la mama mkwe wako hata mamangu mzazi aliniuliza siku ya kwanza aliponikuta na leotadi kwenye cherehani. Kwa wengine mnaosoma: dada binti yake wa miaka minane kaanza baleti hapa Nairobi, mwalimu kaagiza leotadi nyeusi (ile nguo moja ya kubana kiwiliwili) na taiti ya pinki (soksi ndefu za kubana mpaka kiunoni), mama akaingia soko la mitumba la Gikomba akapata leotadi nzuri tu ila imekatwa pembeni mpaka karibu na kiuno, mwalimu akaikataa, kurudi nyumbani bibi wa mtoto nae akauliza hii si ni nguo ya ndani, ni nani huyo alikaa chini akaibuni. Halafu la mwisho, ambalo naona ndo limemuuma dada zaidi, mtoto alipovaa ile taiti ya pinki akajiangalia kwenye kioo akauliza mbona miguu imekua ya mtu mwingine.

Naanza na bibi. Mwambie aliyeileta hii nguo ni mwanaume, na hata baleti hakucheza, alikua mtu wa sarakasi. Jina lake Jules Léotard, Mfaransa wa Toulouse, kazaliwa 1838. Babake alikua na ukumbi wa mazoezi wenye bwawa la kuogelea, kijana akawa anafunga bembea juu ya maji, akianguka anaangukia majini, hivo akajifunza kuruka kutoka bembea moja kwenda ingine bila hofu. Tarehe 12 Novemba 1859 akauonyesha huo mchezo Paris, kwenye ukumbi wa Cirque Napoléon, watu wakapagawa. Sasa mtu anaruka hewani namna hiyo hawezi kuvaa shati la kupepea, likinasa kwenye kamba au likimfunika uso kidogo tu kashaanguka, kwa hiyo akavaa nguo moja ya kufumwa iliyomshika mwili mzima, na hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa akaona misuli inavofanya kazi. Yeye aliiita maillot tu. Alifariki 1870 akiwa bado kijana, na hili jina la leotadi wala hakulisikia, Waingereza walianza kulitumia miaka ya 1880 yeye yuko kaburini zamani. Wafaransa wenyewe mpaka leo wanasema justaucorps, kwamba imeshika mwili. Kwa hiyo kwa bibi mi ningesema hii ni nguo ya kazi kama ovaroli ya makanika, mwenye kazi yake aliivaa asife kazini.

Baleti yenyewe ni kongwe kuliko leotadi na ilianza na nguo nzito ajabu. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwaka 1653 alicheza kama jua akiwa na miaka 14, manyoya kichwani, dhahabu kila mahali, na 1661 akaanzisha chuo cha dansi. Wanawake wacheza dansi wa kulipwa walipopanda jukwaa la Opera ya Paris, hiyo ni 1681, walivaa magauni marefu mpaka chini, baadae yakawekewa na fremu za kupanua sketi pembeni, sasa hata mwanamke angefanya maajabu na miguu yake nani angejua? Ndo akaja Marie Camargo miaka ya 1720, mtu mwepesi, anaruka na kupishanisha miguu hewani kama wanaume, akaona kazi yake inapotelea ndani ya kitambaa, akapandisha sketi ikawa juu ya kifundo cha mguu na viatu vya kisigino akaachana navyo. Ni inchi chache hizo na mji mzima ukaongea. Mwenzake Marie Sallé mwaka 1734 alicheza London na gauni jepesi la melimeli, bila fremu, nywele kaziachia.

Naomba ushike hapo dada manake majibu yangu yote yanatoka hapo: nguo ya baleti inakatwa pale kazi mpya inapozaliwa. Kazi ikiwa kwenye vifundo, sketi inapanda juu ya vifundo. Kazi ikifika magotini, sketi inafuata.

Tarehe 12 Machi 1832 Paris, Marie Taglioni akatokea kwenye baleti ya La Sylphide kama kiumbe wa hewani mwenye mabawa, sketi nyeupe ya umbo la kengele inafika katikati ya muundi, tabaka juu ya tabaka, bodisi (sehemu ya juu ya gauni) imebana kifua, miguuni taiti ya pinki hafifu na viatu vya satini, na anasimama kwenye ncha za vidole kama hana uzito. Hiyo picha ndo iko kichwani mwa kila mtu mpaka leo ukisema baleti. Ile taiti ya pinki iweke akilini, nitairudia.

Hizo sketi nyepesi ziliua watu pia, na hili huwa nawaambia wanafunzi wangu wa ushonaji wote. Majukwaa ya wakati ule yaliwashwa na taa za gesi. Emma Livry, binti wa miaka ishirini, Novemba 1862 yuko kwenye mazoezi Opera ya Paris, sketi ikagusa mwali wa gesi, akawaka mzima jukwaani. Aliteseka miezi minane akafa Julai 1863. Na dawa ya kuzuia moto ilikuwepo, kitambaa kinachovywa kwenye dawa halafu kinaanikwa, ila kikikauka kinakua kigumu na weupe wake unafifia, na yeye alikataa kuvaa sketi ya hivo. Hii hadithi inanigusa kwa sababu ndo vita yangu ya kila siku, mteja anataka nguo ielee, na kitambaa kilicho salama hakielei, nami nimeshawahi kukubali kushona kitambaa nilichojua sio kizuri kwa sababu mteja amelia. Sirudii tena.

Baada ya hapo sketi ikapanda zaidi. Virginia Zucchi, Mtaliano, alienda St. Petersburg mwaka 1885 akataka sketi fupi kuliko walizozoea Warusi, na haikuchukua muda ikaja ile tutu tunayoijua, sahani ya neti iliyokaa nyongani imenyooka pembeni, mguu wote nje. Sababu ni ile ile, Waitaliano walikua wameleta mizunguko migumu, Pierina Legnani anazunguka mara 32 kwenye mguu mmoja, na ukimfunika goti huoni kama mguu wake umenyooka au anadanganya.

Ila zote hizo ni nguo za jukwaani, na mtoto wako yuko darasani, tuje huko. Ukiangalia michoro ya Degas, msanii Mfaransa, ya miaka ya 1870 utaona wasichana wa Opera ya Paris wako darasani na bodisi, sketi nyeupe za tabaka, na mkanda mpana wa utepe kiunoni, yaani walifanya mazoezi na kitu kinachofanana na cha jukwaani. Yuko na sanamu yake ya msichana wa miaka 14 aliyoionyesha 1881, ya nta, akaivalisha bodisi ya kitambaa halisi, sketi halisi, viatu halisi, na utepe kwenye nywele. Kwa fundi kama mimi ile sanamu ni kama picha ya pasipoti ya nguo za mazoezi za wakati ule. Leotadi hapo haipo kabisa.

Wanaume nao walikua na kesi zao. Januari 1911 Vaslav Nijinsky alicheza baleti ya Giselle kwenye ukumbi wa Mariinsky St. Petersburg, kavaa taiti na koti fupi bila ile kaptura ya heshima iliyovaliwa juu ya taiti, na mama yake mfalme wa Urusi yuko ukumbini. Akafukuzwa kazi. Mcheza baleti bora wa Urusi nzima, kafukuzwa kwa sababu ya kaptura! Akaenda zake na Diaghilev, mwenye kampuni ya baleti, na Paris ndo iliyofaidi. Ukimsimulia bibi hiyo atajua huo ugomvi anaougomba na wewe mama wa mfalme aliugomba pia.

Leotadi iliingia dansini polepole, kwanza kwa wanaocheza dansi ya kisasa kule Marekani kina Martha Graham na wenzao, halafu darasani kwa baleti, na mtu aliyeipandisha jukwaani ikakaa ni mtunzi wa baleti George Balanchine wa New York. Mwaka 1946 alitunga The Four Temperaments, mavazi kayachora msanii Kurt Seligmann, mazito, yana mapambo kila mahali, na wachezaji walikua ndani yake kama wamefungwa bandeji. Pesa hazipo nyingi, dansi haionekani. Mwaka 1951 Balanchine akayatoa yote akawaambia vaeni nguo za mazoezi, wasichana leotadi nyeusi, wavulana fulana nyeupe na taiti nyeusi. Na 1957 ikaja baleti yake nyingine, Agon, Diana Adams mzungu na Arthur Mitchell mweusi wanacheza wawili, katika Marekani ya ubaguzi ule, na nguo ni hizo hizo nyeupe na nyeusi, hamna pa kujificha. Tangu hapo leotadi nyeusi tupu ikawa na heshima yake yenyewe. Mwalimu wa binti yako anapodai nyeusi isiyo na maua wala shanga anafuata njia hiyo, anataka kuona mgongo, nyonga, mabega, kama mtoto anajikunja pale asipotakiwa aone mapema, manake goti likikaa vibaya miaka mitatu halirudi kirahisi.

Sasa niwaambie kitu ambacho watu hawakijui, zile leotadi na taiti za mwanzo zilikua mbaya. Mbaya kweli. Sufu au pamba ya kufumwa, ukikunja goti mara kumi linatoa kifuko, ukitoka jasho inaning'inia, na taiti hazikua na lastiki ya maana kwa hiyo wachezaji walikua wanaweka sarafu kwenye ukingo wa kiunoni wanaizungusha na kitambaa mpaka ikaze, halafu wanaikunja ndani, na wanacheza hivo hivo na hela kiunoni. Nailoni ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1930 mambo yakaanza kubadilika, na 1958 mkemia wa kampuni ya DuPont, Joseph Shivers, akapata uzi wa spandeksi, wenyewe wakauita Lycra. Alikua anatafuta mbadala wa mpira kwenye nguo za kubana tumbo za kina mama, wala hakua na habari na baleti. Uzi unavutika zaidi ya mara tano ya urefu wake na unarudi ulipokua. Mi naona kwenye mavazi ya dansi hakuna jina kubwa kuliko la huyo mkemia, kina Camargo walikata sketi, yeye alifanya nguo imfuate mchezaji.

Na hapo ndo fashoni ikaanza kukimbia kwa sababu ukishakua na kitambaa kinachorudi unaweza kukikata unavotaka. Leotadi za miaka ya 50 na 60 ni za adabu, shingo ya duara, mikono mirefu au ya robo tatu, mguu umekatwa chini kwenye paja. Miaka ya 70 ikatoka darasani ikaingia disko, kampuni ya Danskin ya New York ikawa inauza leotadi ya kung'aa na sketi ya kufunga kama kanga, mchana unafanya nayo mazoezi na usiku unatoka nayo. Miaka ya 80 ikaja aerobiki, Jane Fonda alitoa kanda yake ya mazoezi 1982, na leotadi ikakatwa juu juu juu mpaka mfupa wa nyonga, na mkanda kiunoni, na soksi za sufu zisizo na nyayo. Dada, hiyo uliyoipata Gikomba ni mtoto wa hiyo mikato, ndo maana mwalimu kaikataa. Ule mkato unarefusha mguu kwa macho tu, kwa kamera, darasani kwa mtoto hausaidii kitu, chupi inachungulia, mtoto anashika shika nguo badala ya kusikiliza hesabu za mdundo. Usiitupe lakini, mpe mtu anayeenda jimu, ila usihangaike kuishusha, mguu uliokatwa juu haushuki, nimejaribu nikaharibu leotadi mbili.

(Pembeni kidogo, hivi viatu flati mnavyovaa ofisini navyo vimetoka huku huku. Wakati wa Vita vya Pili Marekani viatu vya ngozi vilikua kwa mgao, mbunifu Claire McCardell akawapa wateja wake viatu vya baleti vya Capezio, akavitia soli ya kutembelea barabarani. Na Paris Rose Repetto, aliyeanza 1947 kumshonea viatu mwanae mcheza dansi Roland Petit, mwaka 1956 alimtengenezea flati Brigitte Bardot.)

Siku hizi leotadi ina kila kitu, mgongo wa neti, lesi, zipu mbele, rangi mbili, na wengi wa wanaoongoza ni wacheza dansi wenyewe, kama Yumiko Takeshima, Mjapani aliyecheza kampuni kubwa za Ulaya, alianza kujishonea mwenyewe kwa sababu za dukani hazimkai, wenzake wakaomba, ikawa biashara, mteja anachagua shingo na mikono na rangi. Mi nikizichambua zile leotadi najifunza, mshono umewekwa pale mwili unapokunjika, sio pale ni rahisi kwa fundi.

Haya, pinki. Nimeliacha mwisho kwa sababu linataka historia yote hiyo nyuma yake. Ile taiti ya Taglioni na ya watu wa jukwaani wa karne ile ilikua inaigiza ngozi. Hawakuichagua kwa sababu pinki ni ya wasichana, waliichagua kwa sababu kwa mbali, chini ya taa, inafanana na mguu mtupu wa mzungu, kwamba mtazamaji aone mguu unaanzia nyongani unaishia kwenye ncha ya kiatu bila kukatika, na kiatu nacho kikawa pinki kwa sababu hiyo hiyo. Sasa mchukue mtoto mweusi, umvalishe pinki miguuni na mikono na uso ni kahawia, umekata mstari pale pale walipotaka usikatike. Yaani umetii rangi ukaacha sababu ya rangi. Mwanao alipouliza mbona miguu ni ya mtu mwingine, dada, aliona kitu ambacho walimu wakubwa walichukua zaidi ya miaka mia kukiona.

Aliyekirekebisha ni huyo huyo Arthur Mitchell wa Agon. Alirudi mtaani kwao Harlem baada ya Martin Luther King kuuawa, na 1969 yeye na Karel Shook wakaanzisha Dance Theatre of Harlem, na mwaka 1974 wachezaji wao wakaanza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mmoja, na kwa kua hazikuuzwa popote wakawa wanatia rangi taiti wenyewe na kupaka viatu fondesheni na sponji, usiku kwa usiku, kiatu kwa kiatu. Hiyo ya kupaka viatu iliendelea miaka na miaka. Ni 2018 tu ndo Freed ya London, waliokua wanatengeneza viatu vya baleti tangu 1929, walitoa vya kahawia na shaba wakishirikiana na kampuni ya Ballet Black. Mwaka huo huo Precious Adams wa English National Ballet akapanda jukwaani na taiti ya kahawia baada ya kumuomba mkurugenzi wake. 2018, dada, juzi hapa. Nikiifikiria hiyo huwa nakasirika na kufurahi kwa pamoja.

Kwa hiyo ufanye nini wiki hii. Leotadi, tafuta nyeusi ya kawaida, mguu unafuata mkunjo wa paja, lebo isome pamba na spandeksi kama asilimia kumi, au nailoni na spandeksi asilimia kama ishirini. Usinunue kwa umri, chukua futi ya fundi pitisha kutoka begani mbele, katikati ya miguu, urudi nyuma mpaka bega lile lile, hicho kipimo ndo leotadi inakaa au haikai, kiuno kinafuata. Kufua ni maji baridi na kuanika kivulini, Jik usitie kabisa manake inakula spandeksi, na pasi isiiguse. Kama bibi bado hajatulia, walimu wengi wanakubali kasketi kepesi ka kufunga juu, na kama ni suala la stara ya dini kabisa, yuko binti wa Sydney, Stephanie Kurlow, anacheza baleti na hijabu yake na mikono mirefu, muonyeshe bibi picha zake.

Taiti, kama za kahawia hupati au bei inatisha, tumia ulizonazo. Hakikisha lebo inasema nailoni, poliesta haishiki. Chemsha majani ya chai makavu vijiko vitatu vikubwa kwa lita moja ya maji, chuja vizuri yasibaki makapi, tia vijiko viwili vya siki. Lowesha taiti kwenye maji matupu kwanza ndo uizamishe, moto mdogo isichemke, geuza geuza bila kuacha isije ikatoka mabaka, dakika ishirini itoe uilinganishe na mkono wa mtoto, na ujue ikiwa mbichi inaonekana imekolea kuliko ikikauka. Rangi ya mtoto ikiwa imekolea zaidi ya chai itabidi utafute rangi ya dukani ya nailoni, chai inafika kahawia ya wastani tu. Jaribu kwenye kipande cha unyayo kwanza.

Na kabla ya yote hayo ongea na mwalimu, muulize kwa upole darasa lake linafuata mitihani ya nani. Kama ni ya Royal Academy of Dance ya London, hao wanakubali taiti na viatu vya rangi ya ngozi ya mtoto kwenye mtihani, muonyeshe hilo. Kama ni kanuni ya shule yake tu basi ni yeye wa kuibadilisha, muombe, na ukipata wazazi wengine wawili watatu nendeni pamoja. Ukikwama kwenye vipimo niandikie hapa hapa, nitakukatia patani ya miaka minane.